Gauni la kunyonyeshea: tabaka mbili kifuani, mkono mmoja kufungua

Mama akiwa kwenye benchi la kliniki, au ndani ya basi la Mtwara kwenda Masasi, mkono mmoja umembeba mtoto na uliobaki ndio wa kufanya kila kitu. Gauni la kunyonyeshea linapimwa hapo. Lifunguke na kufungika kwa mkono mmoja, bila mama kuinama kuangalia, mtoto akiwa analia. Gauni lenye vifungo sita mbele linapendeza likiwa limetundikwa dukani tu. Na dera la kawaida halina mlango kabisa: ama mama avute shingo mpaka ilegee, ama apandishe gauni zima.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Kwa fundi, maana yake ni kwamba uwazi wa gauni hili utavutwa maelfu ya mara. Sehemu ya kwanza kuchoka ni pembe za uwazi, basi kazi ya kukazia iwe hapo.

Mshono tunaoupendekeza kwa ukanda huu wa Mtwara na Lindi ni wa tabaka mbili kifuani. Tabaka la juu linaning'inia kutoka begani hadi chini kidogo ya titi. Tabaka la ndani lina vipande vitatu vinavyopishana kama mdomo wa bahasha, hakuna kifungo wala zipu. Mama ananyanyua la juu, anatenganisha la ndani, mtoto ananyonya. Tumbo halionekani, kifua cha juu hakionekani, na kichwa cha mtoto kinaziba kilichobaki. Zipu tutaifikia mbele, kwa wenye madera tayari.

Kitambaa

Mtwara mjini, Mikindani na Lindi joto lina unyevunyevu, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, na hapa tunazungumzia vitambaa viwili kifuani. Kwa hiyo pamba halisi, na nyepesi. Kitenge cha polista kinang'aa na bei yake ni nzuri, ila jasho halipiti na mtoto anatoka vipele shingoni. Kukipima, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, uzichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Ikitokea vyote viwili, ni mchanganyiko, nao unavumilika kwa tabaka la juu lakini si la ndani. Kwa mama wa Newala, huko juu uwandani kwenye baridi na upepo, kitenge kizito kidogo hakina tatizo.

Kwa mama mwenye kifua cha inchi 38 na urefu wa kawaida utahitaji:

- kitenge yadi 4, upana wa inchi 45
- poplini nyepesi ya pamba robo tatu ya yadi kwa tabaka la ndani, rangi inayokaribiana na kitenge
- uzi wa polista, kwa sababu uzi wa pamba unakatika mapema kwenye pembe zinazovutwa
- sindano namba 14 kwa kitenge na namba 11 kwa poplini
- kipande cha gamu ya kugandisha kwa pasi, upana wa inchi 2, urefu wa inchi 20

Loweka kitenge na poplini usiku mzima, anika, piga pasi, ndipo ukate. Pamba mpya hupungua asilimia 3 hadi 5 kwenye maji ya kwanza, yaani inchi 1 hadi karibu 2 kwa kila yadi. Fundi akiruka hatua hii, tabaka la ndani na la juu yatapungua tofauti, na baada ya kufua mara mbili la juu litakuwa limepanda juu ya mshono lililotakiwa kuuficha. Ukiwa unaloweka, sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichukua rangi, loweka tena peke yake, kwani rangi hiyo itakuwa inagusana na mdomo wa mtoto.

Kuhusu maua: maua madogo yaliyosambaa yanaficha doa la maziwa na yanaficha mwanya. Kitambaa cheupe au cha rangi moja iliyopauka kinaonyesha hata tone la kwanza. Na kitenge chenye miduara mikubwa kitazamwe mara mbili kabla ya mkasi. Miduara miwili ikitua pale pale kwenye matiti, hata gauni lishonwe vizuri namna gani, mama hatalivaa mara ya pili.

Vipimo

Pima mama akiwa amevaa sidiria yake ya kunyonyeshea, na apimwe kabla ya kunyonyesha, titi likiwa limejaa. Ukimpima ametoka kunyonyesha, gauni litambana baada ya saa mbili. Wiki za mwanzo kifua hubadilika sana, kwa hiyo kama gauni si la haraka, subiri wiki ya sita. Kwa gauni la arobaini, ambalo lazima likatwe mapema, mpime alivyo, uongeze inchi 2 kwenye kifua, na uache inchi nzima kila ubavu kwa ajili ya kupunguza au kupanua.

Mfano tutakaoufuata:

- mzunguko wa kifua 38
- chuchu hadi chuchu 8
- bega, pale linapokutana na shingo, hadi chuchu 10½
- bega hadi mshono wa chini ya titi 14½, yaani inchi 4 chini ya chuchu
- upana wa mabega 15
- nyonga 42
- bega hadi kifundo cha mguu 54
- mzunguko wa kichwa 22½
- mkono wa juu 13

Kichwa kinapimwa kwa sababu gauni hili halina zipu mgongoni. Zipu ya mgongoni ni adui wa mbeleko: mtoto akibebwa, kifua na tumbo lake vinakaa juu ya meno ya zipu njia nzima, na ikiwa ya chuma, joto la jua linaingia humo. Shingo basi ipite kichwani yenyewe. Ukiichora upana wa inchi 3¾ kila upande kutoka katikati, kina cha mbele inchi 5½ na cha nyuma inchi 2, utapata mzunguko wa kama inchi 24, unaopita kichwa cha 22½. Mama asiyependa shingo ya kina hicho, ambao ni wengi, mpandishie mbele hadi inchi 4, kisha mkate mwanya wa inchi 4 kisogoni wenye kifungo kimoja cha kitambaa na kitanzi. Kifungo hicho kikae juu kabisa, shavu la mtoto lisifike.

Upana wa robo ya gauni: kifua 38 ongeza 5 za kupumulia, gawa kwa 4, ni inchi 10¾. Usipunguze hizo 5. Nguo inayobana titi ni mojawapo ya mambo yanayochangia mirija ya maziwa kuziba, na kwa sababu hiyo hiyo mshono wa chini ya titi hautiwi lastiki hata mteja akiomba umbo lionekane. Mpe mkanda wa kitambaa wa kufunga nyuma, atajilegeza mwenyewe. Aliyejifungua kwa upasuaji naye atashukuru, kwani hakuna kitu kinachokaa juu ya kidonda.

Kukata

Mgongo unakatwa kipande kimoja kwenye mkunjo wa kitambaa: urefu 56 (54, nusu inchi ya bega, na 1½ ya pindo), upana kwapani 10¾ jumlisha inchi 1 ya ubavu, upana chini 15 jumlisha 1. Shimo la mkono lina kina cha inchi 9. Kwa nyonga ya 42 mstari wa ubavu ulionyooka kutoka kwapani hadi chini unatosha. Kwa nyonga iliyozidi 46 ongeza inchi 1½ chini kila upande.

Sketi ya mbele nayo kwenye mkunjo: juu ina upana ule ule wa gauni pale inchi 14½, chini 15 jumlisha 1, urefu 41½. Pindo lishuke inchi 1 zaidi katikati na kufifia hadi sifuri pembeni, kwa sababu kifua kilichojaa hunyanyua gauni mbele na kuliacha linaning'inia nyuma. Kitenge chenye ndege, kuku au maandishi kikatwe vyote vikielekea upande mmoja.

Sasa tabaka la ndani, kwenye poplini. Hapa ndipo pa kutulia.

*Kipande cha katikati.* Kutoka mstari wa katikati hadi chuchu ni inchi 4 (nusu ya 8). Kipande kipite chuchu kwa inchi 1, kwa hiyo inchi 5, jumlisha nusu ya kupinda: inchi 5½ kutoka kwenye mkunjo, au 11 kikifunguliwa. Urefu 15½, yaani 14½ na nusu inchi juu na chini. Shingo inachorwa kwenye kipande hiki.

*Vipande vya pembeni*, viwili, kushoto na kulia. Vinaanzia ubavuni na kuja mbele hadi vipite chuchu kwa inchi 1 upande wa katikati, yaani inchi 3 kutoka mstari wa katikati. Kutoka 10¾ toa 3, ni 7¾. Jumlisha nusu ya kupinda na 1 ya ubavu: inchi 9¼. Ukingo wa ndani uanzie shingoni penye inchi 3¾ na ushuke ukilala hadi inchi 3 usawa wa chuchu, kisha unyooke hadi chini. Kitambaa cha pembeni ndicho chenye shimo la mkono.

Ukiviweka pamoja, vinapishana inchi 2 na chuchu iko katikati ya mpishano. Kila mwili una umbali wake, basi usikariri 5 na 3. Nusu ya chuchu hadi chuchu, jumlisha 1, na toa 1. Mafundi wengi hukosea kwa kuweka mwanya katikati ya kifua kama shati. Mwanya wa katikati unamlazimu mama kuvuta nguo pembeni, na kinachoonekana kwanza ni titi zima.

*Tabaka la juu*, kwenye kitenge, kwenye mkunjo: shingo na bega sawa na la ndani, urefu 19. Inchi 17 ndizo zinazoonekana, yaani inchi 2½ chini ya mshono wa titi. Mama akinyanyua mkono kushika bomba la basi, tabaka hili hupanda karibu inchi 2, na lazima mshono ubaki umefichwa. Pindo lake lipewe inchi 1½ nzima. Upana kwapani 10¾ na nusu ya kupinda, chini 12¾.

Mikono inatoka kwenye kitenge kilichobaki: mkono wa juu 13, ongeza 4 za kulegea na 2 za mishono, upana 19, urefu 10 au 11. Anayetaka mikono mirefu anunue nusu yadi zaidi.

Kushona

1. Gandisha gamu upande wa ndani wa kingo zote za mpishano, kila ukanda ukatwe upana wa nusu inchi, kutoka inchi 5 chini ya bega kwenda chini. Kisha pinda kingo hizo mara mbili, robo inchi na robo inchi, upige mshono. Bila gamu ukingo unalegea na kuanza kufanya mawimbi kabla mtoto hajaota jino.

2. Panga vipande: cha katikati chini, vya pembeni juu yake. Bandika pini. Shona mpishano kutoka begani kushuka inchi 6½ tu, ukifuata ukingo. Penye inchi 6½ rudisha mshono mara tatu kwa upana wote wa mpishano. Uwazi uliobaki hadi chini ni inchi 8. Chini ya inchi 7 kichwa cha mtoto kinabanana na pembe zinachanika. Zaidi ya 9 tabaka la ndani linaachama mama akiinama.

3. Shikiza mpishano kwa chini kwa mshono mrefu, kisha unga sketi ya mbele. Kifua kilichozidi 42, tia rinda dogo la nusu inchi chini ya kila chuchu kabla ya kuunga, upande wa tabaka la ndani, na uongeze upana huo wakati wa kukata. Piga ovaloki, laza mshono kuelekea chini, upige mshono wa pili juu yake. Ukilala kuelekea juu utakuwa unakwaruza titi kwa chini.

4. Tabaka la juu: pinda pembeni kwanza, halafu chini. Pindo la chini nusu inchi kisha inchi 1. Uzito huo unahitajika, maana upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini kipande chepesi kinapeperuka na kumfunika mama uso.

5. Laza tabaka la juu juu ya la ndani, yote yakitazama juu. Shikiza shingoni, begani na kwenye shimo la mkono. Ukingo wake wa pembeni unaishia kwapani kabisa, hauingii kwenye mshono wa ubavu.

6. Unga mabega na mgongo. Hapa kuna vitambaa vinne vimekutana. Punguza kimoja kimoja kwa ngazi, cha ndani kabisa kibaki robo inchi na cha juu nusu inchi, la sivyo bega litakuwa na kamba, na mama anayetundika mbeleko begani ataisikia.

7. Shingo: kata utepe wa mshazari upana wa inchi 1¼, ushone kuzunguka, upinde kwa ndani. Utepe uwe mfupi kuliko shingo kwa inchi 1 hivi na uuvute kidogo wakati wa kushona. Ukiushona bila kuuvuta, shingo itasimama badala ya kulala.

8. Pachika mikono gauni likiwa bado limefunguka ubavuni. Kisha funga tabaka la juu kwa pini katikati ya kifua, mbali na ubavu, ndipo ushone ubavu kuanzia mkononi hadi chini. Kosa linalojirudia kuliko yote kwenye mshono huu ni hili: tabaka la juu kunaswa na mshono wa ubavu. Likishanaswa halinyanyuki, na kufumua ovaloki ni kazi ya nusu siku.

9. Inchi 1 chini ya kwapa, tia nyuzi chache za mkono kushikiza tabaka la juu kwenye mshono wa ubavu. Pindo la gauni subiri.

Jaribisho

Kabla ya pindo, mkalishe mama kwenye kiti. Mpe mtoto wake, au furushi la kanga, mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ufungue titi la kushoto. Halafu abadilishe. Wewe fundi kaa mbele yake, kisha sogea ubavuni, kwani watu wengi hupita ubavuni. Ngozi ikionekana ubavuni, tabaka la juu ni jembamba au kipande cha pembeni hakikufika kwapani.

Kama anatafuta mwanya kwa vidole na kuupata kwa shida, kitambaa cha ndani kimekaza mno. Fumua mshono wa mpishano inchi ½ pale juu ya mwanya, urudishie kukazia. Kama mwanya unafunguka wenyewe akiinuka, mpishano haujatosha inchi 2, na hapo hakuna njia ya mkato. Shona ukanda wa nyongeza upana wa inchi 1 kwenye ukingo wa kipande cha katikati. Hautaonekana.

Mwisho avae mbeleko juu yake. Fundo la kanga hukaa kifuani, na likikaa juu ya pindo la tabaka la juu linalivuta. Mara nyingi kupunguza urefu kwa nusu inchi kunatosha. Sasa pinda pindo la gauni.

Dera la zamani, zipu mbili

Mama ana madera manne, hataki gauni jipya. Mtilie zipu mbili za wima, za nailoni, urefu wa inchi 8. Zipu za chuma hapa pwani hazifai, chumvi ya hewani inazishika kutu na kutu haitoki kwenye kitambaa. Kwa sababu hiyo hiyo usiache pini kwenye nguo usiku kucha.

Mvalishe dera, tia alama ya chuchu kwa chaki, kisha chora mstari wima inchi 1 kutoka hapo kuelekea kwapani, inchi 4 juu na inchi 4 chini. Gandisha gamu ya inchi 2 nyuma ya mstari. Weka kipande cha kitambaa juu yake, upande mzuri kwa upande mzuri, ushone kisanduku cha upana wa robo tatu ya inchi na urefu wa inchi 8. Kata katikati, ukibakiza inchi ½ kila mwisho ukate kwa pembe kuelekea kwenye kona. Mkasi ufike kwenye uzi bila kuuvuka. Usipofika, kona itakunjamana. Ukivuka, umetoboa dera la mteja. Geuza kitambaa ndani, piga pasi, weka zipu nyuma ya dirisha.

Zipu igeuzwe juu chini. Ikiwa imefungwa, kichwa chake kikae chini. Mama anaisukuma kwenda juu kadiri anavyohitaji, inchi 4 au 5, na kifua cha juu kinabaki kimefunikwa. Isitoshe, uzito wa kichwa cha zipu unakivuta chini, upande wa kufunga. Ikiwekwa kawaida, kila hatua anayotembea inaifungua. Mwisho wa chini wa zipu, ambao sasa ndio uliokuwa mdomo, ukaziwe kwa mkono kichwa kisichomoke.

Ndani tia utepe wa poplini upana wa inchi 1½ nyuma ya meno ili yasiguse ngozi. Nje shona mfuniko wa inchi 1 unaolala juu ya zipu, ukielekea kwapani. Dera lililoshonwa kwa kitambaa cha viskosi linalovutika lipewe gamu pana zaidi, inchi 3, vinginevyo zipu itakaa kama nyoka.

Mshono wa mpishano mkubwa, ule wa gauni linalofungwa kama koti la kuogea, unafaa nyumbani. Ila unafungukia juu, hivyo hadharani unahitaji mtandio. Kingo zake zimelala mshazari, kwa hiyo lazima zishonewe utepe ulionyooka zisilegee.

Kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Mwalimu au muuguzi akizitumia saa hizo akiwa na sare ya kufunga nyuma, nusu inaishia kwenye kuvua. Sare haibadilishwi rangi wala umbo, basi mtilie zipu za kuficha ndani ya mishono miwili ya wima ya kifuani kama sare inayo. Mfuniko hauhitajiki, mshono wenyewe unaficha.

Anayebangua korosho ni habari nyingine. Mafuta ya maganda yanaunguza ngozi, na tabaka la juu la gauni ndilo litakaloshikwa na vidole vile vile. Mshonee aproni pana ya kitambaa kizito yenye kamba shingoni na kiunoni, ifike juu ya titi, avue aproni na kunawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.

Mabaki

Vipande vya poplini na kanga kuukuu vinatoa vitambaa vya kunyonya maziwa ndani ya sidiria. Kata miduara ya inchi 4½, weka mitano pamoja, ule unaogusa ngozi uwe wa kanga iliyolainika, zungushia zigzaga au ovaloki. Usitie nailoni katikati kwa nia ya kuzuia maji. Kwa joto la huku titi linachemka humo, na chuchu inapata vidonda. Jozi sita zinatosha kwa siku, zibadilishwe mara zinapolowa.

Kanga ya kujitanda haihitaji kushonwa upya. Shona kitanzi cha kitambaa cha inchi 3 kwenye kona moja na kifungo bapa kwenye kona ya pili ya upande ule ule mrefu, inchi 6 kutoka ukingoni. Mama anapitisha shingoni, anafunga, na haitelezi hata basi likiruka kwenye matuta.

Mtoto akiachishwa, gauni la tabaka mbili halitupwi. Fumua pindo la tabaka la ndani kwenye mpishano, shona mwanya wote, na tabaka la juu lishikizwe ubavuni kwa inchi 6. Ubavu nao uingizwe ndani kidogo, maana kifua kitakuwa kimepungua. Na kama kuna mimba nyingine, mwambie alete gauni lenyewe likiwa bado halijafumuliwa.